Jezi feki ya timu inatuuma, mbona Gucci feki tunaivaa bila kujiuliza?

FundiWaKinondoni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni na mikoba ya kitambaa hapa Kinondoni. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nalileta jamvini tulijadili kwa uzito wake. Kila likiguswa tunagawanyika: wengine "feki ni wizi, tusibishane", wengine "hao matajiri wa Ulaya hawana njaa, mwacheni mtu avae." Naona wote tunalipita swali lenyewe kwa pembeni.

Tuanze na jezi, maana hapo kila mtu ana msimamo. Zikikaribia Simba Day na Wiki ya Mwananchi, sherehe za Simba na Yanga, jezi mpya ikishazinduliwa tu, hauchukui muda utaikuta imetandazwa chini Kariakoo kwa bei ya kutupa. Hasira za mashabiki mnazijua. Mtu anaishika jezi ya mwenzake kifuani, anasugua nembo kwa dole gumba aone kama itabanduka, halafu anamwambia mbele za watu: wewe unaiua timu. Na sababu anayo. Kwenye jezi halali kuna hela inayorudi klabuni kupitia mwenye mkataba. Kwenye jezi feki hela yote inabaki kwa aliyeshusha mzigo.

Sasa mtazame shabiki huyohuyo kuanzia kiunoni kwenda chini. Mkanda una G mbili, kandambili zina LV. Vyote ni vya Mtaa wa Congo, kulekule Kariakoo, na hakuna anayekuja kumsugua nembo. Nauliza kwa nia njema: tofauti ni ipi? Kama ni kwa sababu Jangwani kwa Yanga na Msimbazi kwa Simba ni kwetu na Paris ni mbali, basi hatuna hoja, tuna upendeleo tu.

Msimamo wangu ni huu. Ubaya wa feki siuoni kwenye hasara ya tajiri. Nauona kwenye uongo, na anayedanganywa mara nyingi ni mtu wa karibu kabisa.

Kuna wateja wanakuja na lebo zao mkononi. Zinauzwa kwa roli, kwa mbele zimefumwa vizuri, ukigeuza nyuma nyuzi zimeachwa ndefu zinaning'inia. Wanataka niikate moja, nikunje ncha zote mbili, niitie kwenye mshono wa shingo ya gauni nililoshona mimi. Kukata nimekata mimi, bitana nimeihangaikia mimi, zipu ya kuficha nimeiweka mimi usiku huku umeme ukikatika na kurudi. Halafu shingoni aandikwe Mfaransa ambaye gauni hilo hajawahi hata kulitia machoni. Kazi hiyo naikataa na nitaendelea kuikataa. Akiulizwa harusini "shoga, gauni zuri, la wapi?" lebo imeshajibu, na mimi nimefutwa. Mji huu umejaa mafundi wenye mikono ya dhahabu ambao hakuna anayewajua kwa jina, na kwangu mimi hii ni mojawapo ya sababu.

Naomba tusichanganye mambo mawili. Mteja akija na picha kwenye simu akasema "fundi, nataka mkono kama huu na marinda kama haya", nashona. Mitindo imekuwa ikitazamana tangu enzi, hakuna aliyeanza na karatasi tupu. Feki ninayoisema ni jina na nembo ya mtu kubandikwa kwenye kitu ambacho hakukitengeneza. Hata hao wenyewe wanalijua vizuri. Yale maua na herufi za Louis Vuitton alibuni Georges Vuitton mwaka 1896 kwa sababu mizigo na masanduku ya kampuni ya baba yake yalikuwa yanaigwa kila kona. Alama ilizaliwa iwe kinga dhidi ya feki, leo yenyewe ndiyo inagongwa kwenye pochi za plastiki.

Naomba kuwasilisha. Karibuni, na anayenipinga anipinge kwa hoja.

Mdau_Temeke

Dada fundi, heshima kwako, ila hao unaowalindia majina umewachunguza? Mwaka 2024 mahakama ya Milano iliiweka kampuni tanzu ya Dior chini ya msimamizi, baada ya uchunguzi kukuta wakandarasi wanafanyisha watu kazi kwa mateso, wengine wanalala humohumo karakanani. Mkoba uliokuwa unauzwa dukani euro 2,600, mkandarasi alilipwa euro 53 kuuunganisha, gharama ya ngozi ikiwa kando. Miezi michache kabla ya hapo ilikuwa zamu ya kampuni tanzu ya Armani, mambo ni yaleyale. Burberry nao katika mwaka wa fedha 2017/18 waliteketeza bidhaa zao za pauni milioni 28.6 ili zisije zikauzwa bei chee, wakaja kutangaza kuacha Septemba 2018 baada ya dunia kupiga kelele.

Mtu anayechoma nguo nzima ili maskini asiivae, leo mimi nimwonee uchungu kwa sababu nimenunua mkanda wa elfu kumi? Hapana, dada yangu. Unalipishwa jina. Na aliyeshona haoni hata robo ya hilo jina.

FundiWaKinondoni

Mdau, uliyosema ni kweli tupu na sitaki kuyapunguza. Hesabu ile ya euro 53 iliniuma kama fundi, kwa sababu najua kuunganisha mkoba kunakula mgongo kiasi gani.

Ila twende nayo mpaka mwisho. Wewe na mimi tumejuaje habari hizo? Kwa sababu mkoba ulikuwa na jina la kweli. Mahakama ilijua imwite nani. Kumbuka Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, tarehe 24 Aprili 2013. Jengo la viwanda vya nguo liliporomoka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Kuna kampuni zilizojitokeza na kuna zilizokana kwamba hazikuwa na oda mle ndani. Watetezi wa wafanyakazi wakaingia kwenye kifusi kuokota lebo na makaratasi ya oda. Lebo zile ndizo zilizowabana, na mfuko wa fidia uliosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani ukaja kufikia dola milioni 30 mwaka 2015. Hazikurudisha uhai wa mtu. Lakini mjane alikuwa na mlango wa kubisha.

Sasa niambie, kiwanda kilichoshona ule mkanda wako wa elfu kumi kikiporomoka kesho, kwenye kifusi wataokota lebo ya nani? Watakuta Gucci, na Gucci kwa haki kabisa watasema hatuwajui hao. Aliyefia mle ndani hana wa kumdai. Kama tunamwonea uchungu fundi mwenzangu wa Italia anayelala karakanani, na tunapaswa, basi wa kiwanda cha feki tumwonee mara mbili, kwa sababu huyo amefichwa kabisa.

Ukiniambia kwa hiyo usinunue Dior halisi wala feki, nitakupigia makofi. Hoja yako inatufikisha hapo. Haitufikishi Mtaa wa Congo.

Congo_na_Mchikichi

Mimi nauza, na sioni haya kusema. Nina wadogo zangu nawasomesha kwa meza hiyohiyo mnayoijadili. Mteja akiniuliza "kaka, orijino hii?" namwambia hapana, ni kopi, orijino hatuziwezi mimi na wewe. Anacheka, analipa, anaondoka na roho nyeupe. Hapo nani kadanganywa?

Halafu jamani, kontena siyo langu. Mimi nachukua dazeni kwa mtu wa jumla, naye kachukua kwa aliyefunga mzigo Guangzhou, Uchina. Akija askari anayepoteza mtaji ni mimi wa mezani. Mwenye kontena simjui hata sura.

FundiWaKinondoni

Kaka, kwanza ahsante kwa kujitokeza na kusema wazi. Mtu anayesema "hii ni kopi" simweki kundi moja na anayeapa kwa mama yake kuwa ni orijino kisha anapiga laki mbili. Huyo wa pili ni tapeli, na hao tunao wengi, hasa wanaouzia mtandaoni kwa picha walizochukua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe.

Swali langu kwako ni la hatua inayofuata. Umemwambia ukweli yeye. Yeye akaufunga ule mkoba kwenye boksi lenye utepe, akampelekea mchumba wake siku ya kuzaliwa. Boksi na kadi ya "uhakika" ulimpa wewe, vimo kwenye bei. Kama wote tunajua ni kopi, kadi ya uhakika ni ya nini? Inamhakikishia nani? Mimi nadhani kile kikadi kidogo cha plastiki ndicho kinachotuumbua, kwa sababu kimetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo pale mezani.

Kuhusu askari uko sahihi na inauma. Biashara hii duniani ni kubwa mno, ripoti ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi, na ofisi ya miliki ubunifu ya Umoja wa Ulaya ilikadiria dola bilioni 467 kwa mwaka 2021, na nguo, viatu na bidhaa za ngozi ndizo zinazokamatwa zaidi. Hela hiyo haiko kwenye meza yako. Nikisikia operesheni, ningependa nione imeanzia kwenye ghala.

Sheria_Mtaani

Naongezea kwa ufupi. Kwetu Bara, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na sheria inamwandama anayetengeneza, anayeingiza na anayeuza. Mvaaji wa kawaida hapa hasumbuliwi. Ila wanaosafiri wawe macho. Italia mnunuzi anaweza kupigwa faini hadi euro 7,000. Ufaransa ni mbaya zaidi, kukutwa na bidhaa feki tu kunaweza kukufikisha kwenye faini ya euro 300,000 na kifungo cha miaka mitatu. Ukienda kumsalimia shangazi yako Paris, ule mkoba uache Dar.

Ustadh_Tandika

Assalaam alaykum. Naona watu wanalizungusha jambo ambalo kwenye dini lina kisa chake maarufu. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono kwenye lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Akamuuliza mwenye mali, akajibu imenyeshewa na mvua. Akamwambia, mbona usiiweke juu watu waione? Mwenye kughushi si katika sisi.

Tazameni, hakukataza kuuza nafaka iliyolowa. Alikataza kuificha chini. Kwa hiyo dada fundi yuko kwenye mstari, na yule kaka wa Congo anayesema "ni kopi" ameiweka juu ile nafaka kwa upande wa mnunuzi. Imebaki haki ya mwenye jina, na jina la mtu ni mali yake. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaihesabu alama ya biashara kuwa ni mali yenye haki, huichukui bila idhini kwa sababu tu mwenyewe ni tajiri.

Kijana_Mbagala

Mnaongea vizuri ila wengi wenu naona mmeshatulia maishani. Mimi nina shahada, natafuta kazi. Mji huu unapimwa viatu kabla hujafungua mdomo. Nimeshaingia ofisi za Posta na Masaki, mlinzi anakuangalia kuanzia chini kwenda juu, mtu wa mapokezi hivyohivyo. Siku nimevaa raba za kawaida naambiwa kaa pale subiri. Siku nimevaa zenye nembo, hata kama ni feki, "karibu kaka, umekuja kumwona nani?" Mimi sidanganyi kwa kupenda. Nalipa kiingilio. Mtanilaumu mimi au mlinzi?

FundiWaKinondoni

Mdogo wangu, sitakulaumu wewe. Hili ulilolisema ndilo gumu kuliko yote kwenye uzi huu, nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu. Mtu aliyepimwa kwa viatu tangu mlangoni ana haki ya kutafuta njia ya kupita. Aibu ni ya mlango, siyo yako. Na sisi tuliomo ndani ya milango hiyo, mafundi, wenye maduka, wenye saluni, tunamchangamkia nani akiingia? Tujiulize.

Ila nakuambia kama dada yako ninayeshika nguo kila siku. Jicho linalojua nembo linajua na feki. Yule mtu wa ngazi ya juu unayemfuata, ambaye anavaa halisi, anaona mshono uliopinda kwenye ile nembo kabla hujakaa. Kwa mlinzi umepita, kwa bosi umegundulika. Shati jeupe lisilo na jina lolote, mabega yamekaa mahali pake, mkono unaishia kwenye kifundo, limepigwa pasi vizuri, hilo hakuna anayeweza kulikuta na kosa. Nenda soko la mitumba la Mchikichini asubuhi belo zinapofunguliwa, chagua suruali ya kitambaa kizito, nenda kwa fundi wa karibu akupunguzie kiuno na urefu. Itakugharimu chini ya zile raba. Ukija Kinondoni njoo kwangu, ya usaili nakupunguzia bure, nasema kweli.

Mchikichini_Kamera

Umetutaja, dada, tukaja. Wenye mitumba ndio tunaouza orijino mji huu na hatusifiwi! Shati la Ralph Lauren la kweli, limevaliwa kidogo, unalipata kwa bei ya feki mpya. Ila niseme na upande wa pili: siku hizi hata kwenye belo wapo wanaochanganya nguo mpya za feki, wanazikunja ili zile alama za mikunjo zionekane kama mtumba "kamera", yaani wa daraja la juu. Kagua mshono wa ndani na lebo ya maelekezo ya kufua. Waghushi wengi huhangaika na lebo ya shingoni, ile ya ubavuni wanaisahau.

Mama_Vitenge

Wanangu, mimi nauza vitenge tangu mkiwa hamjazaliwa wengine. Mmeongea Gucci, Gucci, mbona wax, hivi vitenge vya nta, hamuigusi? Wale Waholanzi, Vlisco, wapo tangu 1846, na walianza kwa kuiga batiki za Java, kule Indonesia. Wakaja kutuuzia sisi Waafrika mpaka ikawa nguo yetu. Sasa Mchina anawaiga wao, analeta kitenge chenye maua yaleyale kwa bei ya chini. Hapo mwizi kaibiwa au vipi? Mimi sielewi nani wa kumpa pole.

FundiWaKinondoni

Shikamoo mama. Umeleta mfano mzuri kuliko yote niliyokuwa nayo.

Waholanzi waliiga ufundi wa Java, na historia yake ina unyonyaji wa kikoloni ndani yake, hilo lisifichwe. Lakini kwenye ukingo wa kitambaa wanaandika jina lao. Anayenunua anajua kanunua cha Helmond, mji wa Vlisco kule Uholanzi, siyo cha Java. Mchina anayechora maua yake na kuandika jina lake ukingoni, hata kama maua yamefanana, kwangu ni mshindani, na wateja wengi wa vitenge wanamudu kwa sababu yake. Tatizo ni yule anayechapa mpaka yale maandishi ya ukingoni, neno kwa neno. Mama, wewe unawajua, unapeleka kidole ukingoni kwanza kabla hujagusa kitambaa.

Na mimi ninayelia zaidi ni kwa vya kwetu. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa 1968, watu walivaa kilichoandikwa Urafiki na wakajivunia. Leo kijana wa Dar anajua majina kumi ya Paris na Milano, la kiwanda cha nyumbani hata moja. Jina likishakuwa kitu cha kubandika popote, mwenye jina dogo ndiye anayekufa wa kwanza. Gucci ataendelea kuishi na feki zake. Binti wa Sinza aliyeanza na mashine moja, akatoa mikoba ishirini yenye jina lake, wiki ya pili akaikuta imetandazwa Kariakoo kwa nusu bei, huyo hainuki tena.

Binti_Sinza

Dada, hicho ulichosema mwishoni kimenikaa. Mimi ndio naanza, natengeneza pochi za ngozi na kitenge. Nina jina na nembo nimechorewa na rafiki. Nifanye nini kabla sijaingiza sokoni? Nikiona imeigwa nakwenda wapi?

Mdau_Temeke

Binti, nipo upande wa pili wa mjadala lakini kwenye hili tupo pamoja. Ukitoa nitanunua, na nitauliza kama ni yako kweli.

FundiWaKinondoni

Binti, usisubiri uwe mkubwa. Nenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, maombi yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wao wa usajili. Angalia mambo mawili, maana wengi wanakwama hapo. La kwanza: kusajili jina la biashara siyo kusajili alama ya biashara. Jina la biashara ni la kukutambulisha kama mfanyabiashara, kinachokulinda mkoba wako usiigwe ni alama. La pili: alama inasajiliwa kwa madaraja ya bidhaa. Pochi na mikoba ya ngozi ipo daraja la 18, nguo na viatu daraja la 25. Kama unafikiria kuja kushona nguo baadaye, omba yote mawili, kila moja lina ada yake.

Kabla ya kuomba, fanya upekuzi wa kwenye daftari lao kuona hakuna aliyetangulia na nembo inayofanana. Ukishapata, ulinzi ni miaka saba, ukihuisha unapata kumi kila mara. Cheti kitunze, kwa sababu ukiikuta pochi yako imeigwa, FCC unawapelekea malalamiko ukiwa na cheti, sampuli yako halisi na sampuli ya feki, na risiti ukiweza kuipata. Bila usajili watakusikiliza, lakini utahangaika kuthibitisha.

Na kama una mpango wa kuuza Unguja, kumbuka usajili wa Bara hauvuki maji. Kule ofisi ni BPRA, unaomba upya.